Koti la Mnara

"Mnara huu ulimlilia nani baridi, hata mumeo auvike koti?"

Ndivyo Beryl Gooch alivyomuuliza jirani yake Olive Thirtle, zamani, kiangazi kile cha jubilii ya malkia. Walikuwa wamekaa juu ya kaburi pana la ukoo wa Aldous, chupa ya chai katikati yao, wakimtazama Percy, mume wa Olive, akipanda na kushuka jukwaa na ndoo za simenti ya kuufunika mnara. Watu waliokuwapo walicheka. Percy mwenyewe alicheka huko juu, akapunga mwiko. Kijiji kizima cha Ockenham kilihamia uwanja wa kanisa siku zile: wanaume wakichekecha mchanga, wanawake wakikata mikate, watoto wakifukuzwa wasicheze chini ya ndoo. Maneno ya Beryl yakashuka na chai. Hakuna aliyeyajibu, kwa kuwa hakuna aliyedhani ni swali.

Swali lile lilimrudia Olive Novemba moja, miaka mingi baadaye, amesimama chini ya mnara uleule na ufagio mkononi. Dayosisi ilikuwa imemtuma msanifu wa majengo, Bi. Farrant, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya matope na nyundo ndogo kama ya sonara, aje alikague kanisa kama makanisa yote ya kale yanavyokaguliwa. Alianza kwa furaha. Alizipapasa nguzo za mviringo, nene kama matumbo ya ng'ombe wenye mimba, akasema hizi ni kazi ya Wanormani, wajenzi wa miaka mia nane iliyopita. Aliyainulia macho madirisha marefu, akasema haya yaliongezwa baadaye, sufu ilipoleta utajiri. Akachungulia ile ngazi nyembamba iliyomo ndani ya ukuta, ambayo humpandisha mtu mpaka hewani na kumwacha hapo, kwa sababu roshani ya msalaba iliyokuwa mwisho wake ilivunjwa wafalme walipobadili dini. Olive alimfuata nyuma akiitikia. Yeye kanisa hili alilijua kwa magoti na kwa vumbi lake. Amelisafisha tangu alipoolewa.

Furaha ya Bi. Farrant iliishia mnarani. Aliugonga ukuta kwa nje, ukaitika kama boga lililooza. Akapenyeza patasi, kipande cha simenti kikabanduka kizima kama gamba, na nyuma yake, badala ya chokaa kavu, yakatiririka matope ya kijivu yenye harufu ya kisima. Jiwe la gumegume likafuata lenyewe, bila kuvutwa.

Alimweleza Olive taratibu, kama mtu anayempa mwenzake habari za mgonjwa. Watu wa kale walijenga kwa mawe na chokaa, na chokaa hunywa mvua kisha huitema upepo unapovuma. Ndiyo maana mnara ulisimama miaka mia nane ukilowa na kukauka. Simenti haitemi. Mvua ilipenya kwenye nyufa ambazo jicho halizioni, ikakosa mlango wa kutokea, ikakaa humo ikiganda na kuyeyuka kila msimu wa baridi, mpaka moyo wa ukuta ukawa uji. Sasa unyevu ulikuwa umetambaa hadi ukuta wa kaskazini, alipochorwa Mtakatifu Kristofa amembeba Mtoto begani akivuka mto. Bi. Farrant akainama penye miguu ya yule jitu. Akauliza vumbi jekundu linaloanguka pale hupelekwa wapi.

"Kwenye pipa," Olive alisema.

Msanifu aliielekeza patasi kwenye mchoro. Mguu mmoja wa mtakatifu haukuwa na vidole tena, na Olive akaelewa kwamba yeye ndiye aliyekuwa akivizoa kila Ijumaa kwa kizoleo, akivichanganya na majani makavu na masalia ya mishumaa.

"Aliyefanya kazi ile ya mnara alikuwa mtu wa bidii," Bi. Farrant alisema akiifuta patasi yake. "Angekuwa mvivu, mnara ungekuwa mzima leo."

Olive aliuinua ufagio. Alirudi kufagia mahali alipokwisha kufagia.


Nyumba ya akina Thirtle inatazamana na uwanja wa kanisa, barabara tu katikati. Tangu miguu ya Percy ilipomwishia nguvu, kiti chake kilikuwa dirishani, blanketi magotini, na macho yake mnarani. Maisha yake yote alikuwa mwashi wa mambo ya watu: mabanda ya nguruwe, vyoo vya nje, mabomba ya moshi, ukuta wa bustani ya Bwana Aldous. Mnara peke yake ndio aliomfanyia Mungu, na hakupokea hata senti. Mtu hakuingia mle ndani, awe nesi au mleta maziwa, akatoka bila kuonyeshwa mnara. Kuna wagonjwa wanaoishi kwa dawa. Percy aliishi kwa ule mnara, na Olive alilijua hilo kama anavyoijua Baba Yetu.

Alimkuta anasubiri, shingo imemnyooka kama ya bata.

"Enhe, mama. Yule bibi wa nyundo kasemaje?"

Olive alivua koti lake, akalitundika, akalinyoosha mikono.

"Kasema aliyefanya kazi ile alikuwa mtu wa bidii."

Percy alitabasamu mpaka meno ya bandia yakacheza. Jioni hiyo alikula viazi vyake vyote na samaki wa moshi, akaomba mkate afutie siagi iliyobaki kwenye sahani. Olive alimtazama akila. Hakusema uongo, na ndiyo maana maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba: angesema uongo angetubu, yakaisha. Akiwa anaosha vyombo aliamua moyoni kwamba Percy atakwenda kaburini bila kujua. Siku hiyo haikuwa mbali sana, alivyomwona. Kilichotakiwa ni midomo ya watu ifungwe kwa muda mfupi tu.


Alianza kwa Bwana Rodney Aldous, mzee wa kanisa, kama baba yake Kanali alivyokuwa mzee wa kanisa kabla yake. Hakukaribishwa sebuleni. Alisimamishwa kwenye ujia wa jikoni, pale mbwa wanapolishiwa, na mbwa mmoja mzee alimnusa sketi muda wote wa mazungumzo. Olive alieleza shida yake akiwa ameshika mkoba mbele ya tumbo kwa mikono miwili. Mzee Aldous alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

Ikaonekana na yeye ana lake. Sheria ilitaka, tangu zamani, kwamba mtu asigongomee hata msumari kwenye kanisa la kale bila ruhusa ya askofu. Marehemu Kanali aliona kungojea karatasi ni kazi ya watu wasio na mashamba, akamwambia Percy apande tu. Dayosisi wakianza kufukua ni nani aliyeushika mwiko, watafukua na nani aliyeamuru ushikwe.

"Tuseme ilikuwa kampuni ya mjini," alisema. "Ilifilisika zamani. Makampuni hufilisika."

Olive alimwambia huo ni uongo.

"Ni huruma, Olive. Na ni wewe uliyekuja kuiomba."

Kisha akakunjua kiganja. Alitaka ufunguo wa kanisa. Si kwa ubaya, alisema. Mpaka mnara utakapotengenezwa, watu wa bima hawataki mtu aingie mle peke yake, sembuse mwanamke wa umri wake. Olive alikuwa na ufunguo ule tangu mama mkwe wake alipofariki. Ulikuwa wa chuma, mrefu kama mkono wa mtoto mchanga, na mfuko wa aproni yake ulikuwa umelegea kwa uzito wake. Alimpa. Aliporudi njiani aproni ilikuwa nyepesi, na mkono wake ukawa unaingia mfukoni wenyewe kutafuta kisichokuwemo.

Kwa Beryl ilikuwa vibaya zaidi, kwa kuwa Beryl ana mdomo. Alikuwa anaanika nguo, na hakuacha kuanika. Alimwacha Olive nje ya geti. Habari za uji ndani ya ukuta zilikwisha kumfikia, maana Ockenham hakuna habari inayolala njiani.

"Kanisa limekaa miaka mia nane bila Percy," alisema, kibanio cha nguo mdomoni. "Limekaa naye hii michache, litazame."

"Beryl, sikuja kugombana."

"Najua ulichokuja kutaka. Rodney keshapiga simu. Binti yangu alitaka kufungia ndoa pale wakati wa Pasaka. Sasa nimwambie nini, avae kofia ya chuma juu ya shela?"

Olive alistahimili. Alisema kile alichokuja kusema, kwamba Percy asitajwe, akakisema mara ya pili kwa sauti ya chini zaidi, akiwa amelishika geti la watu kama mwombaji. Shuka moja likapepea kati yao, na lilipotulia uso wa Beryl ulikuwa umebadilika.

Alisema mchanga uliletwa na marehemu mumewe, Cyril, kwa trekta. Aliuchota ufukweni, na chumvi yake. Percy alimwambia auoshe kwanza kwa maji yasiyo ya chumvi, Cyril akasema mchanga ni mchanga. Chumvi nayo huita maji. Hata mtoto anajua. Beryl alikitoa kile kibanio mdomoni akakitazama.

"Sitasema kitu," alisema. "Wala usidhani ni kwa ajili yenu."


Mnara ulizungushiwa uzio wa waya, ukatundikwa kibao chenye picha ya fuvu la kichwa. Percy aliuona kabla ya kifungua kinywa. Olive akamwambia ni kwa ajili ya kengele. Zinafunguliwa zikatiwe mafuta. Percy alicheka, akasema kengele hizo zipigwe hata na majitu, mnara wake hautatikisika. Lakini kutwa nzima hakuuangalia mnara. Alimwangalia mkewe.

Tangu siku hiyo mambo madogo madogo yalianza kuwaepuka. Mleta maziwa aliacha chupa mlangoni, hakuingia. Akina mama wa maua ya kanisani hawakumwita Olive kupanga vyungu vya Majilio. Walisema wamepata mtu, na kwamba apumzike. Mkebe wake wa jamu aliompelekea Beryl ulirudi umejaa, mlangoni, bila kubishiwa hodi. Olive aliupeleka kabatini haraka, akaugeuza karatasi yake iangalie ukutani, Percy asiutambue. Usiku alipiga magoti kando ya kitanda kama kawaida, lakini sala ikawa kama ile ngazi ya kanisani: alipanda, akafika mahali, pakawa hapana kitu.

Mkutano uliitishwa Jumamosi, saa nane mchana, kanisani. Olive alimwambia Percy ni kikao cha hesabu za mwaka, baridi tupu, atarudi kabla ya chai. Alimfunika blanketi, akamsogezea redio. Percy alimuuliza kama mnara utazungumzwa. Olive alisema hapana.

"Kama utazungumzwa," Percy alisema, "waambie mimi nipo. Waniulize. Najua kila ndoo ilikokwenda."


Walikuja watu wengi kuliko wanaokuja Krismasi. Walikaa na makoti yao, karibu na jiko la mafuta ya taa, mbali na ukuta wa kaskazini, kana kwamba mtakatifu ana ugonjwa wa kuambukiza. Bwana Aldous alikaa mbele. Beryl alikaa nyuma ya nguzo. Olive alichagua benchi la kati, mahali ambapo mtu huonekana amekuja na haonekani zaidi ya hapo.

Kasisi Jocelyn alichelewa. Alikuwa mgeni, na ana vijiji vitano vya kuvihudumia. Hakuna aliyemshirikisha ile siri, kwa kuwa ni mtu mwema, asiyeweza kuficha hata keki ya siku ya kuzaliwa. Mlango wa kusini ulipofunguka aliingia kinyumenyume, akimshika mtu kiwiko. Alikuwa Percy, amevaa suti ya mazishi na kofia yake ya kazi.

"Nimepita nikamwona dirishani peke yake," kasisi alisema, uso umemng'aa. "Nikasema haiwezekani tujadili mnara bila yeye."

Alimketisha karibu na jiko. Olive alibaki palepale benchini. Aliomba moyoni Bi. Farrant apatwe na kikohozi, taa izimike, kitu chochote. Bi. Farrant hakupatwa na kitu. Alisimama mbele ya madhabahu akaeleza yote: chokaa inavyopumua, simenti inavyoziba, maji yasiyo na mlango, moyo wa ukuta ulivyo uji, chumvi iliyomo. Hakutaja mtu. Alisema kwa upole, na upole ule ulifanya kila neno lisikike vizuri zaidi. Olive hakuthubutu kumtazama mumewe usoni. Alitazama mikono ya Percy, nayo ilikuwa imetulia juu ya fimbo, mmoja juu ya mwingine, mikubwa, yenye kucha zilizopasuka, kama vitu alivyoazimwa.

Ndipo Bi. Farrant akafikia jambo lake. Dayosisi wanataka jibu moja kutoka kwake. Kama simenti ni ngozi ya nje tu, inaweza kubanduliwa kidogo kidogo na kuzibwa kwa chokaa, na kanisa likaendelea kutumika. Kama ilimiminwa ndani ya ukuta, ni lazima ajue ni upande gani na mpaka wapi, ili sehemu hiyo peke yake ishushwe. Lakini kama hakuna anayejua, basi yeye hana budi kuandika kwamba mnara wote ni hatari. Mlango utafungwa, na ibada zitahamia kijiji cha jirani. Mlango ukishafungwa namna hiyo, alisema, yeye hajawahi kuona umefunguliwa tena.

"Kuna anayemfahamu aliyefanya kazi hii?"

Jiko la mafuta lilikoroma. Bwana Aldous alisafisha koo lake.

"Ilikuwa kampuni fulani ya mjini. Ilifilisika zamani."

"Ni mimi," Percy alisema.

Hakusema kwa nguvu. Aliinuka kwa fimbo yake, akavua kofia kwa kuwa yuko kanisani na alikuwa ameisahau kichwani. "Upande wa magharibi tulimimina ndani, mpaka usawa wa kengele. Ukuta ulikunywa mpaka ukakataa. Kusini na kaskazini ni ngozi tu, simenti ilituishia. Mchanga ni wa pwani. Msiuvunje wote. Bandueni magharibi."

Kalamu ya Bi. Farrant ilikuwa imekwisha kuanza kuandika. Aliinua macho kwa Bwana Aldous, kama mtu anayeomba kuthibitishiwa. Aldous aligeuka kwenye kiti chake, akatabasamu lile tabasamu analompa mtoto anayesema atakuwa rubani.

"Percy alitusaidia sana siku zile. Alibeba ndoo. Umri, mnaelewa."

"Ulichekecha mchanga, Percy," Beryl alisema kutoka nyuma ya nguzo, na sauti yake ilikuwa laini, laini kabisa, kama Olive hajawahi kuisikia. "Sote tulichekecha."

Mtu mmoja akatikisa kichwa kukubali. Mwingine akafuata. Wote waliokuwa wamekula mikate juu ya makaburi kiangazi kile walimwangalia kwa huruma, na hapakuwa na jicho hata moja lililokuwa na hasira. Kasisi Jocelyn peke yake ndiye aliyekuwa akigeuza kichwa huku na huku, haelewi. Percy aliwapitia nyuso zao moja moja, kama mtu anayetafuta nyumba aliyozaliwa akakuta mtaa mzima umejengwa upya. Kisha akafika kwa mkewe.

"Olive," alisema. "Waambie."

Bi. Farrant naye akamgeukia. "Bibi Thirtle? Ni kweli?"

Olive alisimama. Aliona kwamba Percy amekwisha kuyasikia yote, ule uji na ile chumvi, na hakufa. Amesimama wima kuliko alivyosimama mwaka mzima. Aliliona hilo waziwazi. Lakini alimwona na Bwana Aldous, na mkono uliotoka nyuma ya nguzo ukiwa umeshika ukingo wa benchi, na madhabahu aliyoipangusa vumbi maisha yake yote. Akasikia uzito wa kuwaumbua watu wote hawa mbele yake, watu waliosema uongo kwa sababu yeye aliwaomba. Ulimi wake ukachukua njia uliyokwisha kuizoea.

"Amechanganya mambo," alisema. "Walikuwa watu wa mjini. Yeye aliwabebea ndoo."

Bi. Farrant alisita, kisha akapiga mstari juu ya maneno aliyokuwa ameyaandika. Ulisikika, ule mkwaruzo wa kalamu, mpaka mabenchi ya nyuma.

Percy hakukunja uso. Alimtazama Olive kama mtu anavyomtazama abiria mwenzake kwenye kituo cha mji asioujua, kwa adabu, bila kumtambua. Akaitazama kofia yake, akaigeuza, akaivaa. Kasisi aliinuka nusu ili ampeleke kwa gari. Percy aliinua fimbo kidogo tu, kasisi akaketi. Akaanza kwenda. Fimbo ililia juu ya mawe yenye majina ya waliozikwa chini ya sakafu, na kwa kuwa miguu yake ilikuwa mizito, safari ile kutoka penye jiko la mafuta hadi mlango wa kusini ilikuwa ndefu, na watu wote walilazimika kuisikiliza. Hakuna aliyekwenda kumfungulia. Komeo la mlango ule ni zito, linataka mikono miwili. Akaiegemeza fimbo ukutani, akalinyanyua komeo, akaichukua fimbo yake, akatoka.